Kadi ya Miwani

Jumatatu, 4 Machi
Mkurugenzi anatafuta mkuu wa kitengo. Ni mimi au Miwani, binti niliyemfundisha kazi mwenyewe. Kesho tunakadiria muda wa kuunda mfumo wa kompyuta wa miadi ya zahanati. Kwetu kila mtu huandika idadi ya wiki kwenye kadi, kisha zote huinuliwa kwa pamoja, asiwepo wa kuiga. Upuuzi. Nimegundua kwamba kiti changu kinatazama dirisha lililo nyuma ya Miwani.

Jumanne, 5 Machi
Kioo cha dirisha kilionyesha nane kwenye kadi ya Miwani. Nikaandika sita. Kadi zikainuliwa: yangu sita, ya Miwani ishirini! Maskini, aliingiwa na woga dakika ya mwisho. Akaniuliza, Mzee wangu, hiyo sita ina majaribio ndani yake? Nikamjibu kwamba anayeandika programu vizuri hana haja ya kuijaribu. Mkurugenzi akanikabidhi kazi. Nikiimaliza kwa wakati, cheo ni changu. Maelezo ya kazi yenyewe nitayasoma kesho.

Mke wangu alinipongeza, akauliza bomba la jikoni, lile nililosema ni kazi ya dakika kumi, litapona lini. Hana subira. Linavuja tangu mwaka jana tu.

Jumatano, 6 Machi
Nimesoma maelezo. Zahanati ina matawi tisa, kila moja na ratiba yake. Daktari mkuu anataka kila mgonjwa akumbushwe kwa simu, hata asiye na simu. Nilimwuliza itawezekanaje. Akasema ameambiwa nimeshaahidi.

Jumatatu, 15 Aprili
Wiki sita zimekwisha. Mfumo unafungua ukurasa wa kwanza, ukijisikia. Mkurugenzi ameninunia. Kesho tunakadiria upya, na nikikosea tena, cheo ni cha Miwani.

Jioni Miwani aliniletea chai. Akaniambia kwa upole kwamba ana kadi mbili, moja ya kuinua na moja ya dirishani, kwa sababu amekuwa akiniona nikichungulia kioo tangu alipokuwa mwanagenzi wangu. Aliichagua nane kwa kuwa inasomeka hata ikigeuzwa. Akanisihi, Mzee wangu, safari hii kadiria kwa kichwa chako. Nilimshukuru. Maneno yalinigusa sana.

Jumanne, 16 Aprili
Nimehama kiti. Dirisha nimelipa kisogo. Sidanganywi mara mbili. Sasa nakaa mkabala na birika jipya la chai, linalong'aa ajabu. Ubavuni mwake kadi ya Miwani inaonekana waziwazi. Ni nane.

Nimeandika saba.