Kasri la Gundi

Jumatatu, 9 Machi

Siku mbaya. Gundi kaandika kitabu. Gundi! Mfunga vitabu wetu, mtu anayeshinda chumba cha nyuma cha maktaba akibandika majalada yaliyong'oka, leo kaibuka na kitabu chake mwenyewe: Mwongozo wa Ufalme wa Tambarawe na Kasri Lake la Kifalme. Ufalme wenyewe haupo. Kautunga. Lakini kauandika kama upo: ramani, saa za kufungua, wapi uvue viatu, mlango gani ni wa wageni wafupi. Kuna hata chumba cha kununia, na anayenuna nje ya chumba hicho hufagishwa ua. Watoto wamejaa kama siafu. Mkutubi mkuu, ambaye sote tunamwita Mama Kimya, kasoma ukurasa wa kwanza akacheka kwa sauti. Miaka kumi na moja niko kaunta ya kuazimisha, hajawahi kunionyesha hata jino.

Ningevumilia. Ila Jumamosi Mama Kimya anamtangaza msimamizi mpya wa chumba cha watoto. Nafasi hiyo ni yangu! Nimeshamwambia mke wangu kwamba nimeipata. Yeye kamwambia mama yake. Mama mkwe akishajua jambo, halirudi tena.

Jumanne, 10 Machi

Mchana nimejifungia stoo na kitabu cha Gundi, natafuta makosa. Nimepata! Jiko la kasri liko chini kabisa, ukumbi wa kulia uko ghorofa ya sita. Chakula kitafika kimepoa! Mbio kwa Mama Kimya. Akamwita Gundi. Nikasimama pembeni nikisubiri aumbuke. Gundi akashika kichwa, akanishukuru, eti kaka una jicho wewe. Kabla ya saa tisa kaongeza ukurasa: mpishi wa mfalme hupandishwa kwa kamba, yeye na sufuria yake, huku akiimba ili watu wanawe mikono. Watoto wamecheka mpaka mmoja kapaliwa. Yaani nimemsaidia! Roho inaniuma mpaka kwenye mbavu.

Jumatano, 11 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kitabu kipya lazima kipite kwangu kabla hakijaingia rafuni: mimi ndiye ninayeandika kadi yake, kuonyesha kitakaa wapi, na kutia sahihi. Mama Kimya kaagiza kiende kwenye hadithi za watoto. Mimi nimekipeleka Safari na Nchi za Nje, rafu ya chini, katikati ya nchi za kweli. Mtu mzima atakiazima, atagundua ni uongo, atakuja juu, na Gundi atajibu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama. Mgongo ukalia ka! Haidhuru.

Alhamisi, 12 Machi

Mama mkwe kaja maktaba! Kanipongeza kwa cheo mbele ya foleni nzima, kwa sauti yake ile. Nikamsihi apunguze. Akasema aibu ya nini, mkwe wake si mwizi. Kisha akazunguka zunguka kwenye rafu. Akarudi na kitabu mkononi. Tambarawe! Kasema kwa kuwa sasa mimi ni mkubwa, nimpeleke huko yeye na wenzake wa kikundi cha ushonaji. Kasoma mwenyewe kwamba Jumatatu wazee huingia bure, kasri zima.

Ningesema ukweli, angeuliza nani kakiweka pale. Nikamwambia haiwezekani, mama, mfalme anaumwa, milango imefungwa. Akashika kifua. Akauliza mfalme anaumwa nini. Nikasema mgongo, maana ndio uliokuwa unaniuma mimi. Kaondoka na kitabu, mnyonge kabisa.

Ijumaa, 13 Machi

Mke wangu kaniambia kikundi chote kinamwombea mfalme. Wanamshonea mto wa kuegemea.

Jumamosi, 14 Machi

Saa nne. Wafanyakazi tumepanga mstari, Mama Kimya kashika karatasi ya tangazo. Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe! Wanawake tisa nyuma yake, wa mwisho shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, kabeba mto uliodariziwa taji. Mama mkwe kamwomba Mama Kimya aufikishe kwa mfalme wa Tambarawe, mgongo wake upate nafuu. Mama Kimya akatutazama mmoja mmoja. Akamwomba mama mkwe kitabu. Akatoa kadi, akasoma niliyoyaandika, akasoma sahihi. Yangu. Maridadi, na mkia wake.

Mama mkwe alipoambiwa kwamba ufalme wenyewe ni wa kutungwa, aligeuka kuniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile, hata siku nilipovunja kabati lake. Hapo ndipo Gundi alipojitosa. Kaupokea mto kwa mikono miwili, kasema mfalme anashukuru, karibuni ndani, viatu mlangoni. Kawaingiza chumba cha watoto na kuwazungusha kasri zima, ukumbi kwa ukumbi, na kasri lenyewe halipo! Wanawake wazima wanapanda ngazi za hewani, wanashika magauni yasiburute. Mama mkwe kakubali kuwa mpishi, kavutwa kwa kamba, kaimba. Mama Kimya wala hakuisoma karatasi yake. Kamwambia Gundi papo hapo kwamba chumba ni chake.

Mimi niliachwa mlangoni kulinda viatu. Jozi kumi.

Jumapili, 15 Machi

Mke wangu haongei nami. Asubuhi Gundi kabisha hodi. Nilidhani kaja kunicheka. Wapi! Kaja na ombi. Tangu amwone shemeji yangu jana, hali wala hanywi. Anaomba nikamsemee kwa mama mkwe, maana hapa mjini hana ndugu, na mimi ndiye kaka yake. Machozi yakimlenga. Nikaguswa, kweli nikaguswa, nikamshika bega.

Kisha nikawaza. Cheo kachukua. Kicheko cha Mama Kimya kachukua. Sasa anamtaka na mama mkwe wangu! Tukae meza moja, yeye akiongezewa chakula, mimi nikipitishiwa chumvi! Thubutu.

Mchana nikaenda. Nikamwambia mama mkwe, kwa masikitiko makubwa, kwamba Gundi ni mtu mzuri, ila ana mke na watoto wanne nchi ya nje. Akaweka sindano chini. Akauliza nchi gani. Nchi zote za dunia zikanikimbia, mimi niliyezipanga rafuni kwa mikono yangu! Ikanitoka moja tu: Tambarawe.

Mama mkwe kanitazama kwa muda mrefu. Akaokota sindano, akaendelea kushona.

Nadhani ameamini.