Mpunga wa Baba Mkwe na Mashine Yangu

Jumatatu, 2 Juni
Nimepata kazi! Ofisi moja hapa mjini Klaten inafundisha mashine kutambua mpunga unaougua. Sisi tunaangalia picha za majani, tunaandika “mzima” au “mgonjwa”. Mashine inaiga. Ningrum, jirani yangu mezani, anakodolea macho kila jani kama anatafuta chawa. Kanionya: “Bagyo, hii ni kama mtoto. Ukiifundisha uongo, itakua nao.” Mjuaji!

Jumatano, 4 Juni
Nimegundua siri. Karibu majani yote ni mazima! Ya nini kuumiza macho? Nabonyeza “mzima”, “mzima”, huku natafuna tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga. Atakayefanya vizuri atapandishwa kuwa mhandisi. Mhandisi hukalia kiti cha kuzunguka!

Ijumaa, 6 Juni
Mashine niliyoifundisha imetahiniwa kwa picha mpya. Imepatia tisa katika kila kumi! Bosi akanipigia makofi. Ningrum akadakia eti hata jiwe likisema “mzima” siku zote litapata alama hizo hizo. Eti wagonjwa ni wachache, na ndio tunaowatafuta. Wivu tu. Nimepandishwa.

Jumapili, 8 Juni
Kwa wakwe. Baba mkwe, Mzee Sastro, ameona mashina ya manjano shambani, anataka kuyang’oa. Nikatoa simu iliyounganishwa na mashine yangu, nikapiga picha. “Mzima,” ikasema. Mzee akasita. “Una hakika, mwanangu?” Nikamwambia, “Baba, kompyuta haikosei.” Mke wangu Wulan alikuwa akinitazama kwa fahari. Mzee akaweka jembe chini.

Jumatatu, 30 Juni
Shamba zima limegeuka rangi ya chungwa. La jirani pia. Hakuna punje. Nilitarajia matusi, nikajiandaa na majibu. Mzee hakunitukana. Alisema tu, “Niliona kwa macho yangu. Nikakuamini wewe.” Kisha akalitia shamba moto. Wulan kabaki kwao. Nilipomuuliza atarudi lini, akafunga mlango.

Jumatano, 2 Julai
Nimefukuzwa. Kiti kapewa Ningrum. Amefuta majibu yangu yote, kaenda mashambani na wakulima kupiga picha za mpunga mgonjwa. Mzee Sastro anamshikia mwavuli!

Alhamisi, 3 Julai
Nyumba kimya. Nimekula wali mkavu, nimelia. Kisha nikawaza kama mtaalamu: kosa langu ni lipi hasa? Nilisema “mzima” kupita kiasi! Basi. Kuna ofisi huko mjini Solo inafundisha mashine kutambua vifua vya watu vyenye maradhi. Wanataka mtu mwenye uzoefu. Nimeshaomba. Safari hii nitabonyeza “mgonjwa” tu.