Joka Langu Lililokosa Wageni

Alhamisi, 6 Juni
Mvua. Mji wetu wa Shillong, India, wote umelowa, mimi moyo mkunjufu. Joka langu la mchezo limekamilika! Pango, mitego, hata hotuba yake (nimeifanyia mazoezi bafuni). Jumamosi wachezaji watakaa mezani, kila mtu na shujaa wake wa kubuni. Mimi nasimulia yanayowakuta, dadu zinaamua. Watatetemeka. Nitapokea sifa kwa unyenyekevu.

Jumamosi, 8 Juni
Hawakwenda pangoni! Njiani nilitaja muuza mbuzi, kupamba tu. Binamu yangu Daphisha akataka jina lake. Sikuwa nalo. Nikasema Mbuzi. Basi! Mchana kutwa wamemtafutia Bwana Mbuzi mke. Bah Shanbor, kaka wa mtaa mzima na mwoka mikate wetu, shujaa wake kachomoa upanga kumtisha mshenga. Joka limelala na njaa.

Shangazi, Kong Theilin kama aitwavyo kwa heshima, akaleta chai. Tangu amzike mumewe haongei zaidi ya salamu. Leo kasimama mlangoni, kauliza, "Huyo binti mnayemwoza, yeye mmemuuliza?"

Nikamvutia kiti, naye akajibunia shujaa.

Jumapili, 9 Juni
Nimepanga hila katikati ya mahubiri, Mungu anisamehe. Shujaa wa shangazi hafi ng'o! Nitarusha dadu nyuma ya kadibodi, nitangaze nipendavyo.

Jumamosi, 15 Juni
Daphisha kanibamba. "Bah Kitbok, dadu gani hiyo haimgusi shangazi? Hebu toa hiyo kadibodi!"

Nikatoa. Shanbor akapiga makofi, msaliti. Majambazi wakavamia harusi. Dadu ya kwanza hadharani, shujaa wa shangazi chini, amemkinga bibi harusi kwa mwili wake. Nikadai meza imetikisika, turushe tena. Shangazi akanishika mkono.

"Acha, mwanangu. Amekufa katikati ya watu wake."

Shanbor akaangua kilio, mdomo umejaa mkate. Shangazi akamtazama, akacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu! Kicheko kile nilikuwa nimekisahau. Nikaenda jikoni, nikajifanya nachota maji.

Jumapili, 16 Juni
Shangazi kabisha hodi kabla ya ibada. Anataka shujaa mpya, safari hii mwizi. Asante Mungu. Asante Daphisha. Haya, asante hata Shanbor.

Nimejifunza: wachezaji waende watakako, dadu ziseme kweli. Kwa hiyo hadithi mpya iko kwenye daraja jembamba juu ya korongo, hakuna pa kuchepukia. Na dadu nimeikwangua pembeni, impendelee mwizi fulani. Kidogo tu.