Kijiti cha Kufungia Shule

Jumatatu, 7 Septemba

Redio imesema. Shule zinaweza kufunguliwa, kila shule ikubaliane na wazazi wake. Nilikuwa napiga randa mguu wa meza. Randa ikaniponyoka, mguu ukabaki na kovu. Mola wangu! Nilidhani tulishaelewana, Wewe na mimi, kwamba watoto watakaa nyumbani mpaka ugonjwa huu uchoke wenyewe.

Naandika hapa kwa sababu mke wangu hataki tena kunisikia. Yeye ni mkunga. Anashinda wodini katikati ya watu wanaokohoa, anarudi anaoga, anakula, anaimba. Anasema eti nimenawa mikono mpaka imekuwa ya kuazima. Ni rahisi kwake kusema. Ana moyo wa chuma. Mimi wangu ni wa karatasi, tena iliyolowa.

Hofu yangu ni kitindamimba wetu. Ana pumu. Kifua kilipombana mwaka jana nilimbeba mgongoni hadi hospitali, nikawa nasikia pumzi zake shingoni mwangu, nyembamba kama filimbi iliyopasuka. Sijaacha kuzisikia. Mtu akikohoa barabarani, roho yangu iko mkononi.

Mwenyewe anaililia shule. Yuko darasa la mwisho, ana mtihani. Mchana huu amewapanga kuku uani anawafundisha kugawanya. Jogoo ndiye kiranja.

Jioni Mwalimu Mkuu alikuja, akasimama getini kama anayeogopa mbwa, na mbwa hatuna. Akasema Fundi, madawati yote ya shule umeyatengeneza wewe, basi njoo utupimie madarasa. Kati ya mtoto na mtoto iwe mita moja, pande zote. Wakienea nusu ya watoto, tunafungua Jumatatu, wanakuja kwa zamu. Wasipoenea, atawaambia wazazi tungoje.

Nikamwambia nitapima kwa moyo wangu wote.

Kwa moyo wangu wote!


Jumanne, 8 Septemba

Nimeamka kabla ya alfajiri nikasimama mlangoni kwa mtoto nikisikiliza pumzi. Shwari. Nikasali. Katikati ya sala wazo likaja. Sisemi limetoka wapi, ila lilikuja nikiwa nimepiga magoti.

Fundi seremala akiwa na kazi ya kurudiarudia hashiki futi kila mara. Futi inateleza, jicho linachoka. Anapima mara moja, anakata kijiti, halafu kijiti ndicho kinachopima kazi yote. Hakuna anayekiuliza kijiti urefu wake.

Nimekata changu. Mita moja, na kiganja juu yake. Na vidole viwili, kwa usalama.

Najua Mungu hapendi vipimo vya uongo. Lakini nimelitafakari. Kipimo kibaya ni cha mchuuzi anayempunja mteja. Mimi simpunji mtu, ninaongeza. Aliyeongeza amemkosea nani?

Mke wangu akauliza kijiti ni cha nini. Nikasema cha shule. Akakitazama, akanitazama, akasema haya baba, akaenda zake kazini. Lile haya baba lake silipendi.


Jumatano, 9 Septemba

Nimepima.

Darasa tupu linatisha kuliko kaburi. Tarehe ya Machi iko bado ubaoni. Sweta dogo limening'inia kwenye msumari, mikono chini, kama mtu aliyekata tamaa. Niligusa dawati, nikakumbuka sijui nani aliligusa kabla yangu, nikanawa. Nikagusa kitasa. Nikanawa. Mwalimu Mkuu akasema Fundi, maji ya shule yataisha kabla watoto hawajaja.

Kumbe kamati ya wazazi imemtuma msimamizi. Nani? Mama Pacha! Jirani yangu, mwenye mdomo usiopata likizo. Anataka shule ifunguliwe hata leo. Pacha wake wako darasa moja na binti yangu, na wamemmaliza: mmoja amepanda juu ya tangi la maji akagoma kushuka, mwingine ameuza viatu vya baba yake akadai ni majaribio ya sayansi.

Nikaanza. Dawati, kijiti, chaki. Dawati, kijiti, chaki. Mama Pacha ananifuata nyuma kama kivuli. Mara akasema, Fundi wangu, mbona kijiti chako kama sare iliyonunuliwa kubwa ili mtoto akue nayo? Jasho likanitoka ndani ya barakoa. Nikamjibu kwamba mama yangu, mbao zinavimba msimu huu. Akasema ahaa, zinavimba. Basi ya kwako ina mimba.

Lakini hana futi. Nani anatembea na futi mkobani?

Nilipomaliza, nusu ya watoto haikuenea. Mwalimu Mkuu akakaa kwenye dawati la darasa la kwanza, magoti yakamfika masikioni. Nikamwonea huruma kidogo. Kidogo tu. Ile ndiyo faida ya barakoa, inaficha meno.

Binti yangu alinipokea mlangoni akauliza baba, tumeenea? Nikasema kipimo ni kipimo, mwanangu. Akageuka akaenda kwa kuku wake. Hakuwafundisha. Alikaa tu nao.

Chakula changu cha jioni nimewapa kuku.


Ijumaa, 11 Septemba

Mkutano. Ole wangu.

Tulisimama uwanjani kila mtu kwenye duara lake la chaki. Dereva wa lori akasema yeye anaishi na mama yake mzee, mtoto akileta ugonjwa atamzika nani na kumlea nani. Nikapiga makofi peke yangu. Mshona viatu akasema shule ikifungwa mwaka mzima, watoto hawa watarudi wakiwa na ndevu. Watu wakacheka.

Kisha Mama Pacha akapanda juu ya jiwe. Nilijitayarisha kwa vituko vya pacha. Hakuvitaja. Akasema kuna binti wa darasa la mwisho, tunamjua sote, anabeba matofali tangu Aprili. Jana binti huyo alimwambia Mama Pacha kuwa hajui kama shule ikifunguliwa atarudi, mikono yake imeshasahau kalamu. Akasema nyinyi mnaogopa wanaoweza kuugua, na mna haki, hata mimi naogopa, nisiogope nina nini? Lakini kuna wanaopotea na hawakohoi, ndiyo maana hatuwasikii.

Watu wakainamisha vichwa. Hata mimi nilitazama chini.

Mwalimu Mkuu akasema angependa, lakini Fundi amepima, vyumba havitoshi. Watu wakageuka kunitazama. Nikakunja uso wa masikitiko, nadhani vizuri sana.

Na Mama Pacha, bila kushuka jiweni, akasema kama vyumba havitoshi tuongeze chumba. Akasema karakana ya Fundi. Ndefu kama stesheni, ina paa, ina ukuta mmoja tu, upepo unaingia huku unatoka kule. Darasa la mwisho lote litaenea, hata kwa kile kijiti chake chenye mimba. Na wadogo wapishane shuleni kwa zamu ndogondogo.

Makofi! Vigelegele! Dereva wa lori, ndugu yangu wa hofu, naye akasema hapo sawa, penye upepo sawa. Mwalimu Mkuu akawa anapangusa macho, akaniita mzazi wa mfano. Nilifungua mdomo kukataa, ukatoka mlio kama wa bawaba isiyotiwa mafuta. Wakahesabu kuwa ni ndiyo.

Aliyepiga makofi mpaka mwisho ni binti yangu.

Ee Mola. Niliifunga shule, ikahamia kwangu.


Jumamosi, 12 Septemba

Jioni hii bibi afya, mkaguzi wa usafi wa serikali, alikuwa apite kukagua karakana. Asubuhi nikasema, Mungu huwasaidia wanaojisaidia. Akikuta vumbi hadi darini, atasema hapafai. Nikachukua mbao zote kavu nilizonazo. Nikapasua, nikapiga randa, nikapiga msasa. Hakuna mteja aliyeagiza chochote. Upepo ulikuwa umelala, unga wa mbao ukajaa hewani kama ukungu, maranda yakanifika magotini. Nilikuwa naimba.

Sikumwona binti yangu alivyoingia. Alikuja na ufagio na kitambaa, anataka kunisaidia kupanga madawati yaliyoletwa kutoka shuleni. Alitaka darasa liwe zuri kabla bibi afya hajafika.

Nilisikia ile filimbi.

Nikageuka. Ameshika ukingo wa meza ya randa, mabega yanapanda, hewa haiingii. Midomo imebadilika rangi. Nikapiga kelele, sikumbuki niliita nini, mke wangu au Mungu. Nikamwinua, nikambeba nje, nikakaa naye chini kwenye mchanga, na mikono yangu, hii ninayoiosha kutwa, ilikuwa nyeupe kwa vumbi na yeye kaegemea hapohapo.

Mke wangu alitoka na dawa ya kuvuta. Hakukimbia, alitembea haraka. Akamkalisha wima, akampulizia, akamwambia polepole mama, vuta, shikilia, toa. Mara nyingine. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikivuta naye, nikitoa naye.

Filimbi ikapungua. Ikaisha. Mtoto akafungua macho akasema baba, usilie, unaniaibisha mbele ya kuku.

Mke wangu alipomlaza akarudi kwangu. Hakupaza sauti. Akasema, baba watoto, miezi yote unaogopa pumzi za watoto wa watu, na leo wewe ndiye umemkaba mwanao.

Nimenawa mikono mara tatu, na vumbi bado naliona.

Bibi afya alipita. Nilimwomba arudi kesho.


Jumapili, 13 Septemba

Nimesafisha. Maji, kitambaa, maji tena. Nimefuta kila mbao kwa kitambaa kibichi, nimetoa maranda yote na kuyamwaga mbali. Mashine nimezihamishia uani nyuma ya nyumba. Mama Pacha akaja na ndoo bila kuitwa, pacha wakabeba mbao, wakavunja moja tu. Alipoona macho yangu mekundu hakuniuliza wala hakunitania. Huyo mama akinyamaza anatisha zaidi.

Bibi afya amesema hajaona darasa zuri kama hili.

Nimepiga magoti nikaapa mbele za Mungu. Hila basi. Sitachezea tena kipimo, sitachezea tena vumbi, sitachezea roho ya mtoto. Nilimaanisha kila neno. Leo nitalala kama mtoto mchanga.


Jumatatu, 14 Septemba

Wamekuja. Barakoa za kila rangi, macho tu. Yule binti wa matofali naye kaja. Alishika kalamu akaigeuzageuza kama anajaribu kulikumbuka jina lake.

Nilisimama nyuma ya ukuta nikichungulia kwenye ufa. Binti yangu kakaa ukingoni penye upepo, dawa yake ya kuvuta mezani kando ya rula. Mwalimu akamwambia asome. Akasoma kwa sauti ukurasa mzima, bila kusimama, bila filimbi. Wenzake wakampigia makofi. Nililia hapo nyuma ya ukuta, nikashukuru, nikasema Mola wangu, imetosha, ya Mungu namwachia Mungu.

Ndipo pacha mkubwa akapiga chafya.

Moja! Lakini kubwa! Upepo, nimeangalia vizuri kwa majani ya mti, unatoka kwake unakwenda moja kwa moja kwa binti yangu. Hakuna mwingine aliyeliona hilo. Mwalimu hakuliona. Bibi afya jana hakuliona. Kwa nini Mungu amenionyesha mimi peke yangu, kama hakutaka nifanye kitu?

Hila nimeacha, niliapa. Hii si hila. Dawati la yule pacha nililitengeneza mwenyewe, na fundi mwaminifu hukagua kazi yake. Watoto walipotoka nimelikagua. Nimekuta misumari yake imekazwa kupita kiasi. Nimeilegeza. Kesho atakaa, litayumba, watamhamishia dawati jingine, upande wa pili wa binti yangu, kule upepo unakotokea nje kuelekea shambani kwa Mama Pacha mwenyewe.

Mke wangu kaniuliza nilikuwa nafanya nini karakana na nyundo. Nikamwambia naimarisha elimu.

Akasema haya baba.