Mlango wa Kabati la Mama

Jumatatu, 6 Mei
Meza yetu ya kufyonza haishiki mbao. Amesema shemeji, mume wa dada, mbele ya wateja. Ameusukuma ubao kwa kidole kimoja, ukasogea. Kidole cha mwisho, tena! Baba amesikia. Karakana ni yake, ila mashine ya kuchonga kwa kompyuta, pamoja na meza yake inayobana mbao kwa kuvuta hewa, nilimshawishi mimi kuinunua.

Kazi yenyewe ni kibao cha kaburi la mama. Baba ameng'oa milango miwili ya kabati la nguo la marehemu. Anataka jina lichongwe kwenye mmoja kabla ya Jumapili. Shemeji anasema tuubane kwa jiliwa, vile vyuma vya kukaza, yaishe. Jiliwa! Kwa mama yangu!

Jumanne, 7 Mei
Nimegundua ugonjwa. Pampu huvuta hewa kupitia ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao uliogandamizwa, uliolazwa mezani, na ubao huo unavuja kila upande. Dawa: vanishi. Shemeji ameshauri nipake kingo tu, uso niuache upumue. Uvivu huo. Nimepaka kingo na uso, mara tatu. Unang'aa kama kioo.

Jumatano, 8 Mei
Ushindi! Nimelaza mlango mezani, na mshale wa geji ya pampu umepanda kuliko siku zote. Nikamwita baba aone. Shemeji akataka kuusukuma mlango kwa kile kidole chake. Nikamkatalia: geji haisemi uongo. Nikawasha mashine.

Jina la mama lina herufi sita. Kwenye ya tatu mlango uliteleza. Kisu kikakata katikati ya jina mpaka ukingoni.

Shemeji hakucheka. Afadhali angecheka. Alisema geji ilisema kweli: pampu iliishika vanishi, mlango haikuugusa. Baba aliokota kipande, akakinusa. Akasema bado kina harufu ya nguo zake. Kisha akasema mama yako hakupenda kusukumwa, akatoka kwenda kukaa nje.

Alhamisi, 9 Mei
Nimependekeza kupaka mara ya nne.

Jumamosi, 11 Mei
Baba amechukua mlango wa pili na patasi. Hakutaka mashine, hakutaka jiliwa. Aliniambia shika hapa, mwanangu. Nimeshika saa nne nzima. Mikono yake inatetemeka siku hizi. Nilikuwa sijui. Herufi ya tano imepinda. Alipomaliza alipitisha kidole juu ya jina, taratibu, mara mbili.

Mlango haukusogea hata unywele.

Jumapili, 12 Mei
Kibao kimesimama. Dada amelia. Baba hakulia, alikaa akikifuta vumbi ambalo sikuliona. Shemeji amenigusa bega, akasema umeshika vizuri, shemeji.

Nimelifikiria hilo njia nzima. Viganja viwili tu vilitosha! Basi meza ni nzima, vanishi ni nzima. Pampu ndiyo haina nguvu. Na kabati bado lina mgongo wake, unaotosha kibao kingine, na ile herufi ya tano imepinda.

Kesho, saa mbili asubuhi: pampu ya pili.