Suti ya Mgeni Rasmi

Redio ya Kinyozi ilikuwa imetoka kusema kwamba leo mgeni rasmi anafungua barabara mpya ya ufukweni, na foleni mjini itabaki hadithi ya kusimuliwa wajukuu. Ili apite bila bughudha, barabara zote zimefungwa tangu alfajiri.

"Yaani wanafunga ili wafungue," alisema Kinyozi, akikizungusha kikombe chake.

"Ndiyo uganga wenyewe huo," alijibu Bi Kahawa, akipepea makaa. "Mvunje mtu mguu, kisha umwoneshe fimbo uliyomchongea."

Fundi cherehani hakucheka. Suti ya mgeni rasmi ilikuwa mapajani pake, imepigwa pasi hata nzi angeteleza. Maisha yake yote ameshona viraka. Leo ndiyo leo: ama aitwe fundi wa wakubwa, ama arudi kwenye viraka vyake. Na teksi aliyoikodi ilikuwa palepale mbele ya kijiwe, imeganda kama mchoro ukutani.

Simu ikalia. Akasikiliza, akaishusha taratibu.

"Mkubwa anasemaje?" akauliza Kinyozi.

"Hatoki nyumbani bila suti. Amekaa na fulana."

"Si umpelekee."

"Askari hafungui njia mpaka mgeni rasmi apite."

Bi Kahawa akatua birika. "Kitendawili."

"Tega."

"Watatu wanangojana, hakuna anayekwenda."

"Suti, barabara na mgeni rasmi," akajibu Bonge, ambaye benchi lilimlalamikia kila alipojigeuza. "Hicho chepesi, bibi. Tena na mimi nimo."

"Umo wapi wewe, na hilo tumbo?"

"Kwa hilihili tumbo. Mkubwa hakuwa na nafasi ya kupimwa. Alimwambia Fundi atafute mtu wa umbo lake, ndipo nikapimwa mimi."

Macho yote yakatua tumboni kwa Bonge. Fundi alikuwa wa mwisho kuelewa na wa kwanza kusimama.

"Vaa. Ukifika kwake, vua, mpe. Na njiani usipige chafya, kaka yangu, vifungo vina heshima zao."

Bonge akavalia kinyozini, akatoka kifua mbele, akaingia teksi. Askari wa trafiki alipoiona ile suti, visigino viligongana vyenyewe. Saluti. Vizuizi vikaondolewa, pikipiki za king'ora zikatangulia. Magari yakasogea kama kobe, kisha kama maji.

"Kumbe foleni haikutaka barabara," alisema Kinyozi. "Ilitaka koti."

"Lakini wamekata kulia, kwenda ufukweni," Fundi alinong'ona. "Nyumbani kwa mkubwa ni kushoto."

Hawajamaliza birika, redio ikatangaza: utepe umekatwa, hotuba imekuwa fupi kuliko zote, watu wameshangilia, na suti, jamani, imemkaa mgeni rasmi kama ngozi yake.

Fundi akajikuta anatabasamu. Simu ikalia tena.

"Fundi, redio inasema nimeshafungua barabara. Suti yangu iko wapi?"

Fundi akayatazama magari yakipita, moja baada ya jingine, bila honi.

"Imeshafika, mheshimiwa. Umechelewa wewe."