Bunduki ya Mkole

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Filimbi itakuwa yangu! Koplo Mazengo, anayetufundisha mgambo hapa kijijini, ametangaza kwamba Jumapili atakagua bunduki zetu za mti. Kila moja ataipiga kwenye jiwe. Mwenye bunduki imara kuliko zote atavishwa filimbi na kuwa kiongozi wa kikosi. Jirani yangu Manase ameshaanza kutabasamu. Yeye alikata mti wake wa mkole tangu mavuno ya mwaka jana, akautundika juu ya moshi wa jiko, na anaupaka mafuta ya nyonyo kama mtoto mchanga. Anasema mti hauharakishwi. Tutaona. Mimi si mtu wa kungoja moshi.

Jumatano, 7 Agosti
Nimekata mkole mbichi, nikaumenya ganda lote, nikaulaza kando ya moto ukauke upesi. Mchana ukalia paa! Umepasuka kutoka juu mpaka chini. Mke wangu Theresia aliuliza kama natengeneza bunduki au kuni. Jioni akaupikia maharage. Yaliiva vizuri, lakini hayo hayanihusu.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimeokota gogo kavu porini. Jepesi, lachongeka kama muhogo! Bunduki nikaipaka samli mpaka ikang'aa. Manase akaja, akaigonga kwa kidole. Unga ukamwagika miguuni pake. Bungua, wadudu wa mti, wamekula ndani kote, wameniachia ngozi tu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Cheka, Manase. Jumapili haijafika.
Theresia amekwenda Mtinko kumchukua mama yake aje kututembelea.

Jumamosi, 10 Agosti
Nimepata! Nilihangaika porini, kumbe kitu kiko jikoni kwangu. Mti uliokauka miaka na miaka, usio na ufa wala bungua, uliosuguliwa na viganja mpaka unateleza. Mchi wa Theresia! Mkole mtupu. Ni kweli mama yake alimpa siku ya harusi, na mchi wa namna hiyo kwetu haupewi mtu mwingine. Lakini mimi simpi mtu. Naubadilishia kazi tu. Upande mnene nimeuacha uwe kitako, wa pili nimeuchonga mtutu.

Jumapili, 11 Agosti
Koplo aliipiga bunduki ya Manase, ikavumilia. Akaipiga yangu. Ililia kama kengele, na jiwe ndilo lililomeguka! Filimbi iko shingoni mwangu. Manase aliuliza mti huo niliukausha lini. Nikamwambia ni siri ya ukoo.
Jioni Theresia akarudi na mama yake. Aliangalia kando ya kinu, kisha akaiangalia bunduki begani mwangu. Akaingia ndani kumtandikia mama yake. Nikajua yamekwisha.

Jumatatu, 12 Agosti
Hayakwisha! Nimeamshwa na mlio wa kinu. Theresia anatwanga uwele kwa bunduki yangu. Ameshika mtutu, kitako ndicho kinachotwanga. Nami siwezi kuifuata, maana mama mkwe ameketi uani, amenyoosha miguu, na kwa adabu yetu mkwe wa kiume hakatizi hapo. Nikabaki nyuma ya ukuta wa tembe, napuliza filimbi kwa hasira. Kikosi chote kikaja, Koplo mbele. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, kisha akaomba silaha ya mgambo irudishwe.

"Marahaba," akasema mama mkwe. "Bunduki yenu ni ya kuigiza, mwanangu. Njaa si ya kuigiza."

Koplo aliutazama mchi, akanigeukia. Akanivua filimbi mbele ya watu wote, akamvisha Manase. Mimi nimeamriwa kuchonga mchi mpya, na mama mkwe amesema haondoki uani mpaka aushike mkononi.

Jumatano, 14 Agosti
Nakula nyuma ya ukuta. Ugali unanifikia umepoa. Haya, nimekata mkole, nimeacha ganda, nimeutundika moshini kama wanavyotaka. Theresia anasema utakuwa tayari mavuno yajayo. Mavuno yajayo! Nikae nje ya ua wangu mwenyewe mpaka uwele mwingine uive? Sikubali!

Leo nimepita jikoni kwa Manase kuomba moto. Bunduki yake imetundikwa pale pale juu ya moshi. Imekauka vizuri, haina ufa wala bungua, na kitako chake ni kinene. Kesho Manase anakwenda mnadani Mkiwa kuonyesha filimbi. Shoka nimeshalinoa.